Mkongojo wa Keith

Mbele yangu, kwenye basi la kwenda mjini Hull, Lorraine alikuwa amepakata mkongojo. "Nimeukuta uvunguni," alimwambia jirani yake, Beryl. "Kumbe miaka mitatu Keith analipwa na serikali posho ya mgongo mbovu, na mume wangu huyohuyo kila Jumamosi anapanda paa kusafisha mifereji!"

"Makubwa! Kwa hiyo hana ugonjwa?"

"Anao, kichwani. Hapati usingizi, hali chakula, akiona bahasha ya serikali anajifungia bafuni. Daktari anasema kwa huo ugonjwa angelipwa kihalali. Yeye anasema bora mgongo, kichwa kinaleta aibu."

Beryl alicheka, kisha akajutia kicheko chake. "Na wewe unakwenda kumchongea?"

"Nakwenda kusema yote kabla hawajamkamata. Jela haiwezi, Beryl. Atakufa."

"Hatakusamehe, mwenzangu."

Nilijifanya nasoma, ingawa kitabu nilikuwa nimekifunga.

Basi lilisimama mbele ya ofisi ya posho. Dereva alipouona mkongojo, alibonyeza kitufe, akaliinamisha basi hadi usawa wa njia ya miguu. "Taratibu, mama. Hatuna haraka."

Abiria wote tulisubiri kwa heshima. Lorraine, mkweli kuliko sisi sote, alitutazama, akaona haya, akashuka akichechemea.