Mto wa Kumuaga Ogada

Benchi letu ni taruma la reli, lile gogo la kubebea vyuma, lililolazwa juu ya mawe mawili, kwenye kona ya mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli hapa Nakuru. Nani alilitoa relini hakuna anayejua, na Mzee Ogada, aliyefanya kazi huko mpaka akastaafu, huangalia pembeni swali hilo likiulizwa. Hapo ndipo Wangu, mama wa kahawa, huegesha thamosi zake, na hapo ndipo sisi huegesha matumbo yetu. Alhamisi hiyo ilikuwa ya Januari, jua limetanda, mito ya milimani imetulia mpaka unaona changarawe chini. Yaani msimu wenyewe wa trauti, yule samaki wa madoa apendaye maji baridi. Tulikuwa na jambo moja tu la kuamua. Jumamosi tulitaka kumpeleka Mzee Ogada kuvua, kwa sababu Jumanne anarudi kabisa kwao Ugenya, upande wa Ziwa Victoria, godoro limeshafungwa kamba. Gari lilikuwepo, Probox ya Wamalwa. Mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni mto. Mwaka jana tulibishania mto mpaka mvua ikaanza, tukabaki hapa hapa. Mwaka juzi vivyo hivyo. Safari hii hakukuwa na mwaka ujao wa kusingizia.

— Kiptiget, alisema Wamalwa. Tunamwita Mizani kwa sababu samaki wake huongezeka uzito kila akiwasimulia. — Hakuna mjadala. Pale nilitoa mmoja wa kilo mbili.

— Pasaka ulisema kilo moja, nikamkumbusha.

— Pasaka mtu hujinyenyekeza.

Jamleck akacheka puani. Huyu ndiye Ramani, na jina si la sifa. Miaka kadhaa iliyopita alitupitisha njia ya mkato baada ya Keringet, tukaingia kwenye ukungu, tukapotea kutwa nzima. Ni safari ambayo haitajwi hapa kijiweni, hasa mbele yangu. Tangu siku hiyo Ramani haruhusiwi kutuonyesha njia hata ya kwenda chooni.

— Kiptiget ni mto wa watoto, akasema Ramani. — Twendeni Gura, upande wa nyumbani. Maji ya Gura yanakimbia vibaya, samaki wake wana misuli. Mjomba wangu alileta mmoja nyumbani akiwa hai, akamweka kwenye karai chini ya mfereji. Kufungua maji, samaki akapanda mfereji!

— Akaenda wapi?

— Kwani mimi ni kampuni ya maji?

— Wacha nikueleze kuhusu Kiptiget, Wamalwa akasogea mbele. — Ule mto unapita karibu na mashamba ya majani chai, si ndio? Mvua ikinyesha majani yanaingia mtoni. Sasa samaki wa pale hunywa chai tangu utotoni. Haki! Ukienda saa yoyote unamkuta macho, anakungoja.

— Bila sukari? akauliza Wangu.

— Ndio maana ana hasira.

Mimi wananiita Paspoti. Nimefanya kazi Juba, Doha na Uskoti, na kote huko nimerudi na kitambi tu. Nikaona zamu yangu imefika.

— Nyinyi hamjaona mto. Uskoti trauti hakubali ndoano ya mtu asiyemjua. Lazima mwenyeji akupeleke ukingoni, akutambulishe, useme jina lako na kazi unayofanya.

— Na wewe ulisema kazi gani? akauliza Ramani.

— Nilisema mimi ni mvuvi.

— Na samaki?

— Walikwenda kumwita mwenzao aje asikie.

— Basi Uskoti imetolewa, akasema Wamalwa. — Probox haifiki.

Wakati wote huo Mzee Ogada alikuwa ameketi mwisho wa benchi, miwani puani, akifunga manyoya mekundu ya jogoo kwenye ndoano kwa uzi. Trauti hudhani ni mdudu ameanguka majini. Manyoya yalikuwa ya jogoo wa Wangu.

— Mzee, jogoo wangu sasa anatoka nje usiku peke yake, Wangu akalalamika. — Anaona aibu. Mkia wote umeuhamishia kwa ndoano.

— Mwambie ni kwa kazi nzuri, mathe.

— Lakini Mzee Ogada, akasema Wamalwa, — nieleze kitu kimoja. Wewe unakwenda ziwani, kwenye mbuta wa saizi ya ndama. Unalilia hiki kisamaki cha kiganja?

— Mbuta huvui, mnapigana, akajibu bila kuinua macho. — Trauti mnabishana tu.

Tukacheka, kisha tukarudi kubishana. Wamalwa akasema gari ni lake na haliwezi kwenda Gura. Ramani akasema kama ni Kiptiget yeye atabaki nyumbani akate nyasi. Mimi nikapendekeza Malewa ya juu, Kinangop, ili tu nionekane nina mto. Wote wawili wakanigeukia kama niliyetukana mama zao. Sauti zikapanda. Nikaiona ile mvua ya mwaka jana ikija, na Jumanne nyuma yake, na nafasi tupu mwisho wa taruma.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja, koti zito mgongoni licha ya jua. Alijitambulisha kwa Wangu: Cheptoo, ameleta magunia ya viazi kutoka Keringet, dereva bado anashusha, anaomba kahawa. Akasimama akinywa na kutusikiliza. Kikombe kilipofika nusu, akauliza:

— Samahani wazee. Hii safari ni ya nani?

— Ya Mzee Ogada hapa. Tunamuaga, akasema Wamalwa.

— Na yeye anataka kwenda mto gani?

Nilimtazama Wamalwa. Wamalwa akamtazama Ramani. Ramani akatazama kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Miaka mitatu ya mabishano, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Mzee, nikasema kwa sauti ndogo, — ungependa wapi?

Mzee Ogada alikata uzi kwa meno. Akaweka ndoano kwenye kopo. Akavua miwani.

— Ule mto alioangukia Paspoti.

Wangu akaanza kucheka kwanza, kwa sababu yeye hakuwepo lakini alishasimuliwa. Ni kweli, siku ile ya ukungu tulikutana na kijito katikati ya kichaka. Nikawaambia nimevua Uskoti, nikakanyaga jiwe kwa madaha, na nikaenda na maji nikiwa nimekumbatia sufuria ya chakula cha mchana. Sufuria haikurudi. Mimi nilirudi bila kiatu kimoja. Tukala viazi vya kuombaomba kwa mkulima, tumejifunika gunia, tukinuka moshi.

— Lakini Mzee, akasema Wamalwa, — siku ile hatukupata samaki hata mmoja.

— Samaki nitakula Ugenya mpaka nichoke, akasema Mzee Ogada. — Nani ataniangukia mtoni huko?

Nilipangusa jicho, nikasema ni mvuke wa kahawa. Wamalwa akasema kahawa yangu ilishapoa tangu saa tatu.

— Basi ni huo, akaamua, akipiga taruma kwa kiganja. — Jumamosi alfajiri. Paspoti, lete sufuria. Usilete ya mama watoto.

— Mimi natoka huko, akasema Cheptoo. — Mito ni mingi. Huo wenu unaitwaje?

Tukatazamana tena.

— Unaitwa… akaanza Wamalwa.

— Uko karibu na… nikamsaidia.

Hatukujua. Hatukuwahi kujua. Hatukwenda pale, tulipotelea pale. Na polepole, bila mtu kusema, macho yote yakahamia kwa Jamleck.

— Hapana, akasema Ramani. — Mliniapisha mbele ya Wangu.

— Tumekusamehe, akasema Wamalwa. — Jumamosi utakaa kiti cha mbele. Utaonyesha njia.

Ramani alisimama taratibu. Akajipangusa makombo ya mandazi kifuani, akavuta shati, akanyoosha mkono kama mtu aliyerudishiwa cheo.

— Tutatokea upande ule.

Keringet iko magharibi. Kidole chake kilikuwa kimeelekea Naivasha, upande wa pili kabisa.

— Mnaona? akasema Mzee Ogada, akimnyooshea Wangu kikombe. — Tumeshaanza kukaribia.