Filister Nasipwondi, Aliyepima Damu ya Watoto Kawangware (1938–1987)

Filister Nasipwondi Shiundu alizaliwa Kimilili tarehe 9 Machi 1938, kifungua mimba wa Mzee Wekulo. Mimi Seline, ninayesoma haya, nilimfuata baada ya miaka miwili, na nilimwonea wivu maisha yangu yote. Watoto wake wameniruhusu niseme.

Alipofaulu darasa la nane, baba alichinja jogoo. Nilipofaulu mimi, aliwaambia wageni, "Huyu naye amejaribu."

Mwaka 1963 alihitimu ufundi wa maabara, akaajiriwa katika zahanati moja ya Kawangware. Mimi nikawa nesi hapohapo. Mwaka 1966 aliolewa na Bwana Shiundu, seremala wa Gatina. Shiundu alipoanza kuja zahanati kurekebisha madirisha, nilidhani anakuja kuniona mimi.

Juni 1974, Mukai wa Kambi Muru, kule Kibera, alileta mtoto wa wiki tatu. Mukai alikuwa ametibiwa kaswende akiwa mjamzito, na mumewe, Nyamai, pia. Damu ya mtoto ilipimwa, kipimo kikawa chanya. Sikumngoja dada. Nikamwambia Mukai mbele ya mumewe, "Mtoto anao ugonjwa." Jioni hiyo Nyamai alitoa vyombo vya mkewe nje.

Filister aliposikia hakunigombeza. Alivua koti jeupe, akatembea hadi Kibera, nami nyuma yake.

"Sista amesema mtoto ako na ugonjwa," Nyamai alifoka. "Huyu mama ameutoa wapi tena?"

"Kipimo hakioni ugonjwa, baba. Kinaona kinga ambayo mwili umetengeneza kupigana nao. Kinga ya mama huingia kwa mtoto akiwa tumboni. Ikiwa ni ya mama, itapungua hadi iishe. Ikiwa mtoto mwenyewe ni mgonjwa, itapanda, na nitamtibu. Nipe miezi sita."

Nyamai alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akarudisha vyombo ndani.

Kila mwezi Filister alimpima mtoto. Kinga ilishuka, ikashuka tena. Desemba haikuonekana kabisa. Mtoto alibatizwa Filister. Siku hiyo nilikataa chakula, nikasema naumwa kichwa.

Mwaka 1985 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Nilimuuguza mimi. Wiki moja kabla ya kufariki aliniambia, "Seline, watoto wakiniona na sindano walilia. Ukiwabeba wewe, walinyamaza. Nilikuwa nakuonea wivu sana."

Nilimfunika miguu. 

Alifariki tarehe 2 Agosti 1987 nyumbani kwake Gatina. Ameacha mume, Bwana Shiundu, watoto watatu, Wekulo, Kavetsa na Gerishon, wajukuu wawili, Filister mdogo wa Mukai, aliyekuja leo na wazazi wake, na mimi, mdogo wake.

Mungu akupumzishe kwa amani, dada. Nilikosea juu ya yule mtoto, na sikuwahi kukuomba msamaha.