Mstari wa Nne

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu ukipita hapa utamkuta Spika amekaa katikati, miguu kaitandaza, ukadhani ni lake. Mimi ni fundi viatu. Sanduku langu liko ncha ya kushoto, na nyuma yetu ni mlango wa kinyozi. Kinyozi ndiye huyo Spika. Jina alipewa kwa kuwa akianza kusema hakuna wa kumzima, na wateja wake hukaa nusu kichwa kimenyolewa wakisubiri hoja iishe. Ncha ya kulia ni ya Karani, mstaafu wa ofisi ya mkoa, mtu wa kalamu mbili mfukoni na koti hata jua likiwaka. Kahawa anatumiminia Mama Birika, ambaye hutusikiliza kama anayesubiri mvua ikatike. Asubuhi hiyo Brashi, mchora mabango, alitujia mbio na karatasi mkononi, rangi nyeupe imemkaukia kwenye nyusi.

Brashi: Wazee, shikamooni. Nimekwama.

Karani: Marahaba. Umekwama wapi tena?

Brashi: Mstari wa nne. Ule ubao wa ukumbi mpya, wabunge wote wa jimbo letu tangu mwanzo. Wako kumi na mmoja. Kumi ninao. Wa nne nimepewa miaka tu, jina hakuna. Ofisini wanasema faili lilihama, halafu aliyelihamisha naye akahama. Na ukumbi unafunguliwa kesho.

Spika: Paache wazi.

Brashi: Nipaache wazi mtu apite na msumari ajiandike yeye? Hapana. Leo kabla jua halijazama lazima pawe na mtu pale.

Mama Birika: Waulize hawa. Wanajua kila kitu isipokuwa walikoviweka vikombe vyangu.

Nami, sifichi, swali hilo likaniwasha. Nimeshona viatu mtaa huu zaidi ya miaka hamsini, na sikuwahi kujiuliza ni nani na nani waliokwenda kutusemea huko.

Spika: Wa nne namjua! Jitu refu, kofia pana. Nilimpigia kura mimi mwenyewe. Nilipanga foleni jogoo hajawika.

Karani: Huyo mrefu alikuwa wa Jimbo la Mashariki.

Spika: Mashariki si ndiyo hapa?

Karani: Ilikuwa. Halafu haikuwa. Fundi, nipe hicho kiatu.

Kabla sijakataa alishakigeuza, akachukua chaki yangu, akaanza kuchora kwenye soli.

Karani: Huu ndio mkoa. Mwanzo ulikuwa na majimbo mawili tu, kisigino na vidole. Sisi kisigino. Uchaguzi uliofuata wakaukata vipande vinne, tukawa Mashariki. Baadaye yakawa saba. Mtaa wetu ukanyofolewa Mashariki, ukaunganishwa na vijiji vya mlimani, tukaitwa Jimbo la Kati. Halikudumu. Likavunjwa, likamezwa na Kusini. Tumehama majimbo mara tatu bila kubeba hata kigoda.

Mimi: Na hicho kiatu ni cha mwalimu mkuu, anakifuata saa sita.

Spika: Sasa kukatakata kote huko ni kwa nini?

Karani: Watu waliongezeka.

Spika: Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Karani: Hiyo ni ya kukusanya, bwana. Hapa tunagawa.

Spika: Kwani kibaba kikijaa hakigawiwi?

Brashi: Wazee wangu, jina!

Karani: Subiri, mwanangu. Wa nne ni huyo wa Jimbo la Kati. Namkumbuka vizuri sana. Miwani mizito, maji ya kunde, mpole. Sanduku la kura la shule ya hapa nililifunga kwa lakiri kwa mkono huu.

Mimi: Miwani gani? Alikuwa mfupi, anachechemea mguu wa kushoto. Nilimpa kura yangu kwa kumwonea huruma, halafu nikamtengenezea kiatu.

Maneno hayo sijui niliyatoa wapi. Ila nilipoyasema, mguu nikauona kabisa.

Spika: Basi nimeelewa. Mrefu, wa miwani, anayechechemea. Hawa walikuwa mapacha watatu! Mmoja anakwenda bungeni, mmoja anakaa kwa wapigakura, wa tatu akipumzika.

Brashi: Niandike majina matatu mstari mmoja?

Spika: Andika kwa herufi ndogo.

Mimi: Mimi nasema mpaka ulipita katikati ya benchi hili. Akija kutuona, hajui akae upande upi asije akaonekana kawaingilia wenzake. Akageuza.

Spika: Hakugeuza! Alitumwa akaukague mpaka kwa miguu. Kila akikaribia kuumaliza, kule juu wanauhamisha. Mpaka leo anatembea. Mwenda pole hajikwai!

Mama Birika: Basi afanye haraka. Birika limebaki na vikombe vinne.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika mwanamke wa makamo, kanga imekunjwa vizuri begani, kandambili ya ngozi mkononi, ukanda umekatika. Alikuwa anatembea mguu mmoja peku. Nikaipokea bila kumwuliza, nikamsogezea nafasi.

Mgeni: Hamjambo, wazee wangu. Mlinzi wa ukumbini kaniambia mchora ubao yuko hapa.

Brashi: Ni mimi, dada. Karibu.

Mgeni: Wa nne umeandika nani?

Brashi: Bado. Wazee wananisaidia.

Mama Birika: Wamefika kwenye mapacha.

Mgeni: Ni baba yangu.

Spika akakunja miguu. Mgeni akatoa bahasha mkobani, ndani yake karatasi moja yenye muhuri, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka. Karani akainyoosha juu ya goti, akasoma jina polepole ili Brashi aliandike, akasoma jina la jimbo, akasoma miaka. Kisha akaisogeza karatasi karibu na macho.

Brashi: Endelea, Karani. Kuna nini hapo chini?

Karani: "Amechaguliwa bila kupingwa."

Brashi: Maana yake?

Karani: Maana yake alijitokeza peke yake. Kura hazikupigwa.

Brashi akatutazama kwa zamu. Mimi nikatafuta gundi.

Brashi: Na lile sanduku la lakiri?

Karani: Nitakuwa nimechanganya mwaka.

Brashi: Na foleni ya kabla jogoo hajawika?

Spika: Foleni ilikuwepo. Labda ilikuwa ya sukari.

Mama Birika alicheka hadi akaliweka birika chini. Hata mgeni alitabasamu. Kisha akamwomba Brashi amwonyeshe lile jina alivyoliandika, akalipitishia kidole, akamrudishia karatasi.

Brashi: Liko sawa?

Mgeni: Liko sawa, kaka. Asante. Saa kumi nitakuja nilione ubaoni.

Karani: Pole, binti yangu. Tulikuwa tunapiga soga tu.

Mgeni: Hamna neno. Mimi mwenyewe nina hadithi zangu za kujitungia. Alikaa miezi kumi na moja tu, akaugua, akafariki. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Picha zote ziliharibika nyumba ilipoingia maji. Kila nikimwuliza mama, jibu lake lilikuwa moja: "Baba yako siku zote alikuwa kwa watu wake kule. Nyumbani alikuja kulala tu. Waulize wao, wanamjua kuliko mimi." Mama tumemzika mwezi uliopita. Nikasema sasa niende, wangali hai wa kuulizwa.

Mama Birika akammiminia kikombe. Mgeni akakishika kwa mikono miwili, hakunywa.

Mgeni: Alikuwa mtu wa namna gani?

Nikamtazama Karani. Karani akaitazama ile soli aliyoichora. Alitujulisha mkoa mzima tangu kisigino hadi vidole, na uso wa mtu mmoja hakuwa nao. Brashi alikuwa hajazaliwa miaka hiyo, akainamisha kichwa hata hivyo.

Spika akafungua mdomo. Namjua, alikuwa na uwezo wa kumpa yule dada baba mzima, mwenye kofia, kicheko na jina la utani, na dada angekwenda naye nyumbani ameridhika. Nusura nimwombe aseme. Akamtazama yule dada, akaufunga mdomo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Spika amefunga mdomo mwenyewe.

Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima. Kuna mtu alipewa sisi akaacha mtoto mchanga nyumbani, na sisi hatukujisumbua hata kumtazama.

Mgeni: Hata mmoja wenu?

Mimi nikainamia kandambili yake, nikaendelea kushona pale pale nilipokwisha kushona.