Kesi ya Moshi

Siku ile, kwenye benchi la pembeni mwa mji wa Bariadi, walikuwepo Ngassa, aliyeitwa Redio kwa kuwa haachani na redio yake ya betri. Keneth, karani wa wanunuzi binafsi wa pamba, jina lake Soko Huria. Mzee Mashimba wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, jina lake Hakimu. Na Milembe muuza kahawa, mtoto mgongoni. Joakim hakuwepo. Alikuwa amekata miti ya ngitili, yale malisho ya kijiji yanayofungwa mpaka kiangazi, akachomea mkaa, na jioni mkutano ungeamua kama atengwe. Aliyetengwa hapewi moto, hachotewi maji, msiba wake hauendwi. Milembe roho ilimuuma, maana siku aliyojifungua Joakim alimletea gunia la mkaa, akaliegemeza ukutani na kuondoka kabla hajashukuriwa. Mvua ya mwaka ule ilikuwa imesomba mbegu za pamba, na kila mtu alitafuta wa kumlaumu.

— Wametangaza asubuhi, alianza Ngassa. Mataifa yamekaa kikao. Mvua imeharibiwa na moshi wa makaa ya mawe. Wakubwa wanachoma tangu enzi za babu wa babu zao, na kupunguza hawataki.

— Na sisi je? Yetu yapo kule kusini, tumeyakalia tu, alisema Keneth.

— Tuendelee kuyakalia!

— Kwa lipi? Wao wameshiba, sisi ndiyo kwanza tunanawa, leo waseme sufuria imefunikwa? Mwenda pole hajikwai, Redio. Tuchome mpaka moshi wetu ulingane na wao, halafu wote tuache siku moja.

— Hiyo methali umeiokota wapi, na unaipeleka wapi?

— Basi sikia hili. Mbingu si ya wote? Fungu letu hatujalitumia. Tuwakodishie! Moshi wao upite kwetu, walipie.

Milembe aliinama kuchochea mkaa wa Joakim jikoni. Ngassa, bila kukatisha maneno, alivua kofia akamkinga mtoto na jua.

— Nyie watoto, alisema Hakimu. Kwetu kesi hii ni ya asubuhi moja. Mataifa yote yanakaa chini, kwenye majani. Aliyechoma zaidi anatozwa mchenya, faini ya ng'ombe.

— Wangapi, baba? aliuliza Ngassa.

— Kwa moshi wa miaka yote hiyo? Waijaze wilaya ya Meatu nzima! Akikataa, anatengwa. Asipewe moto.

— Moto si ndio walio nao mwingi?

— Basi asipewe pamba!

— Na pamba yetu anunue nani? aliuliza Keneth, na safari hii hakucheka.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hakimu, wakuu si ndio hao wanaochoma?

— Ndiyo maana guu ni letu.

Wakacheka. Milembe hakucheka.

— Na Joakim, baba?

Hakimu alimtazama kwa upole, akamwita mama kwa Kisukuma.

— Joakim tunamfikia kwa miguu, mayu.

Hapo akafika mama mmoja mwenye furushi, anasubiri gari la Mwanhuzi.

— Mwangaluka, alisalimu Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu.

Keneth alisogea bila kuombwa, akampa nafasi, na kikombe chake ambacho hakijaguswa. Mama akanywa, akalitazama jiko.

— Mkaa huu mgumu, wala hautoi moshi. Nataka nibebe gunia. Hapa mnanunua kwa nani?

Ngassa alizima redio. Keneth alikuta kuna tope la kukwangua kwenye kiatu. Hakimu alikitazama kikombe mkononi mwake. Kilikuwa cha tatu tangu asubuhi.

— Jamani, nimeuliza vibaya?

— Hujauliza vibaya, mayu, alisema Milembe, akamwongezea kahawa.



Jioni ile Joakim hakutengwa. Alitozwa ng'ombe dume mmoja, ambaye alichinjwa palepale, na watu wote wakala, Joakim na mkewe Felisita wakiwemo.