Mama Ciru na Nyasi Zilizokataa Kung'oka

Agneta Nabwile Muigai alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 huko Bokoli, karibu na Webuye, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wanyonyi Khaemba na mkewe, marehemu Mama Rasoa. Wengi wenu mlimjua kama Mama Ciru. Mimi ninayewasomea ni shemeji yake, Thuo Kibe, na familia imeniomba niseme ukweli bila kumremba, kwa sababu mwenyewe hakupenda kurembwa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Bokoli, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976 na kupata cheti cha kilimo mwaka 1979. Wenzake walienda kwenye mahindi na ng'ombe. Yeye alichagua nyasi za kukaliwa na watu. Baba yake alihangaika sana, akawauliza wazee wa kanisa kama ni kweli mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kutunza majani.

Alilipwa. Alianza kazi Webuye, akitunza bustani za nyumba za wafanyakazi. Hapo ndipo mwaka 1982 kijana wa kutoka Kitale, Muigai Kibe, aliyekuja kuuza viazi, aliegesha pikapu yake juu ya nyasi zilizokuwa zimetoka kumwagiliwa maji. Agneta hakupiga kelele. Alimpa jembe na karai la udongo, akasimama pale mpaka alama za magurudumu zikafukiwa zote. Wiki iliyofuata kaka yangu alirudi Webuye bila viazi hata kimoja. Walifunga ndoa kanisani tarehe 10 Desemba 1983, wakajenga hapa tulipokaa leo, nje kidogo ya Kitale. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ciru, Kevin na Vivian.

Kwa miaka mingi Mama Ciru alipanda na kuponya nyasi za makanisa, shule na nyumba za watu kuanzia hapa hadi Bungoma mjini, na juu kule Kapsokwony, ambako alifika kwa bodaboda akiwa amekumbatia miche ya nyasi kama mtoto. Nyasi zikigeuka kahawia, watu hukimbilia maji au mbolea. Yeye alimwaga ndoo ya maji ya sabuni, akangoja kidogo, na viwavijeshi vikatoka vyenyewe kutafuta hewa. Kisha alishika nyasi mkono mzima na kuvuta. Zikiinuka kama mkeka, mabuu wa ardhini wamemaliza mizizi, na hapo unapanda upya. Zikikataa, viwavi vimekula majani tu, nazo zitarudi. Hakuruhusu mtu kumwaga ovyo dawa kali ya mahindi mahali watoto wanapocheza. Alitumia dawa ya kiasi, jioni, viwavi vikiwa bado vidogo, na aliyemharakisha aliambiwa atafute fundi mwingine.

Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na kansa ya umio. Alitibiwa Eldoret kwa miezi kadhaa, kisha akaomba kurudi nyumbani. Mvua za Aprili mwaka huu zilipoanza, viwavijeshi vilivamia nyasi hizi hizi mnazozikanyaga. Katika siku chache uwanja ulibaki kama umepitiwa na moto. Mgonjwa alikuwa kitandani, na sisi tukakubaliana asiambiwe. Lakini aliona ndege wengi kupitia dirisha akajua, maana ndege hawakusanyiki bure.

Kaka yangu naye alikuwa na lake moyoni. Aliagiza lori zima la nyasi mpya. Lilipoingia getini, Mama Ciru alitoka akiwa ameshikwa mkono na Vivian, akaketi kwenye kiti.

"Baba Ciru, hiyo nyasi unatandikia nani?"

"Ni ya wageni tu."

"Wageni gani hao, na mimi sijaalika mtu?"

 Sote tulijua ni wageni gani. Tulikuwa tumeanza kumzika akiwa bado anakunywa uji.

"Haya, vuta hii ya zamani," Mama Ciru akamwambia.

Muigai aliinama akavuta kwa mikono miwili. Zilikataa.

"Si umeona? Iko hai. Imekulwa tu juu. Na mimi pia niko hapa. Rudisha hiyo lori, bana."

Lori lilirudi. Kevin alipiga dawa jioni kama alivyoelekezwa, mama akimsimamia kutoka kwenye kiti chake. Mwezi wa sita nyasi zilikuwa zimefunika kila mahali. Mama Ciru ndiye aliyealika wageni sasa: akina mama wa kanisa walikuja, wakakaa chini, wakaimba, naye akawakemea waliovaa viatu vya kisigino. Tulifurahi sana siku hiyo. Alituaga Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, asubuhi, akiwa amemshika mumewe mkono.

Alisema kaburi lake lisitiwe saruji. Kwa hiyo jana kaka yangu alikataa kusaidiwa, akazikata mwenyewe nyasi za mahali hapa, vipande vipande, akavipanga kivulini chini ya magunia yaliyoloa. Tukimaliza kufukia, atavirudisha mahali pake kwa mkono wake. Nanyi vijana, mahema yang'olewe leo leo, kwa sababu nyasi zikifunikwa huwa manjano, na marehemu alituagiza hilo mapema.

Ameacha mumewe Muigai, watoto wake Ciru, Kevin na Vivian, wajukuu wanne, dada yake Nekesa wa Bokoli, na mashemeji tuliofundishwa kuegesha magari barabarani.

Mama Ciru, lala kwa amani ya Bwana. Baba Ciru amevuta tena leo asubuhi, na zimekataa.