Dola Mdomoni mwa Mama Roslin

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Luganville, machifu wetu, Mchungaji, wauguzi, na ndugu wageni mliokuja kumuaga muuguzi wetu, Mama Roslin Vuti, anayestaafu leo:

Mmesikia akisifiwa kwa upole. Mimi nataka kusifu woga wake, kwa sababu niliuona kwa macho yangu.

Wakubwa mnakumbuka tulivyotawaliwa na mabwana wawili, kila mmoja na pesa yake. Aliyewafanyia kazi Waingereza alilipwa dola za Australia. Wa Wafaransa alilipwa faranga, kichwa cha mwanamke upande huu, kinyago chetu upande wa pili. Sokoni zote zilipokelewa. Lakini mwaka ule wa uasi hapa kisiwani Santo, waasi wakiwa upande wa Wafaransa, nani angethubutu kukutwa na dola barabarani?

Nilikuwa na uchungu wa kuzaa. Mama Roslin alikuwa akinipeleka hospitali kwa gari la zahanati ya Waingereza, mara tukaona magogo njiani na wanaume wenye pinde. Sarafu za mshahara wake, dola tupu, zilikuwa mfukoni. Akazitia zote mdomoni.

“Mama, uko upande gani?” akauliza mmoja wao, Sakele Moli.

Nikamjibia, “Anaumwa jino, kaka.”

“Jino? Hebu aachame nione.”

Akaachama. Aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Sakele akatazama, kisha akageuka kuona kama wenzake wanaangalia. Akakinga kiganja.

“Tema, mama. Mbele kuna kizuizi kingine, na wale hawana utani.”

Akatia dola mfukoni mwake, akampa faranga zake mwenyewe. Tukapita.

Jioni wenzake wakamkagua yeye, wakamkuta na zile dola. Walimpiga wakamvunja mbavu, wakamtupa kando ya barabara, wakatangaza kwamba atakayemgusa naye atakiona. Habari zikatufikia hospitali, nimeshajifungua. Mnadhani nani alikwenda? Mama Roslin alirudi peke yake, akilia njia nzima kwa hofu.

“Mkitaka kunipiga, nipigeni,” aliwaambia, “lakini niacheni kwanza nimfunge huyu bandeji.”

Hakuna aliyeinua mkono.

Sakele anapumua kwa shida mpaka leo, ndugu zangu, lakini anapumua. Yule pale, karibu na mlango, ameinamia sahani yake ya laplap ili msimtazame.

Mama Roslin, nenda kapumzike. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.