Bunduki Nne Chini ya Kitanda cha Babu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na tena!

Naandika ushuhuda huu kwa sababu Jumapili nilipoitwa mbele nilishika maikrofoni, nikasema "Babu yangu," basi, nikaangua kilio mpaka kwaya ikabidi ianze pambio. Mchungaji akaniambia, "Binti, kaandike." Nimeandika. Shule yangu iliishia kidato cha pili, mkikuta makosa mnisamehe, lakini Mungu niliyemwona hana kosa hata moja!

Mimi naitwa Bibiana. Nauza vitambaa vya mapazia kwenye duka la mama mmoja wa Kichaga hapa Kariakoo. Ni mtu wa ndoto sana. Nikikunja jora najiona nina duka langu, nina mafundi wangu, napamba kumbi za harusi mji mzima. Bosi wangu huniambia, "Wewe Bibiana, shuka huko juu, mteja anauliza bei." Nashuka nikicheka.

Tunaishi vyumba viwili vya kupanga, mtaa wa nyuma ya soko: mimi, Mama, na Babu, baba yake Mama. Babu alikuwa msasi kule kwetu Masasi. Nguruwe wakivamia mihogo ya watu, Babu ndiye anayeitwa. Bibi alipofariki tukamleta mjini, naye akaja na bunduki zake nne. Gobole alilorithi kwa baba yake. Shotigani ya mtutu mmoja aliyonunua kwa mauzo ya korosho. Shotigani ya mitutu miwili. Na raifo aliyoachiwa na mzungu mmoja wa misheni. Zote zina vibali, isipokuwa lile gobole, ambalo kibali chake hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kukiona kwa macho. Zilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, na ufunguo ameuvaa shingoni kama rozari.

Ndugu zangu, mimi na Babu tunapendana mno. Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo yeye ananiita mke wake.

"Mke wangu, leo umeniletea nini?"

"Karanga, mume wangu."

"Karanga? Meno yenyewe nimeyaacha Masasi! Unataka nife urithi kanzu?"

Tunacheka mpaka wapangaji wenzetu wanagonga ukuta.

Lakini polepole kichwa cha Babu kikaanza kumtoroka. Asubuhi yuko vizuri kabisa, anajua jina la rais, anajua bei ya nyanya. Jua likigeuka, anarudi Masasi. Anasikia mikokoteni inapita nje, anasema, "Nguruwe hao, wameingia shambani." Tulikuwa tunaona kama kichekesho. Mungu atusamehe.

Alasiri moja nilirudi kazini mapema nimebeba jora begani, nimelifunga kwa nailoni nyeusi. Majirani wote wako sokoni. Nikaingia kwenye korido, kiza kidogo, nikainua macho. Babu amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Bunduki begani. Mtutu unaniangalia mimi.

Ndugu zangu! Sikuweza kukimbia, sikuweza kupiga kelele, hata jina la Yesu sikulikumbuka. Kitu kilichotoka mdomoni mwangu ni kile ninachomwambia kila siku nikiingia ndani:

"Shikamoo, Babu!"

Na Babu, ambaye kwa dakika hiyo hajui yuko mji gani, ambaye macho yake yananiona mimi nguruwe, mdomo wake ukajibu wenyewe:

"Marahaba."

Mtutu ukashuka. Akanitazama kama mtu anayeamka. "Mke wangu, pita haraka huku. Wameingia kwenye mihogo."

Nikamwambia, "Babu, nipe mimi nikushikie." Na kwa kuwa ni msasi wa kweli, hawezi kumpa mtu bunduki iliyojaa, akaifungua kwanza. Risasi nyekundu ikaanguka sakafuni, ikabiringika mpaka kwenye ndara zangu. Ilikuwa imejaa! Nani alimfundisha Babu yangu kuitikia salamu tangu akiwa mtoto mdogo? Mungu alikuwa anaiandaa siku ile kabla Mama yangu hajazaliwa! Haleluya!

Mama aliporudi nikamweleza. Akakaa chini pale pale na kapu lake. Akalia, halafu akasema, "Usimwambie baba. Akijua alikunyooshea wewe bunduki, atakufa kwa aibu." Akamchukulia ufunguo kwa hila, akauficha kwenye unga. Babu akawa anapapasa shingo yake siku nzima, anatuuliza sisi, nasi tunasema hatujui. Hilo liliniumiza kuliko mtutu.

Tukamwita Mjomba Festo, kaka yake Mama, mwenye gereji Buguruni. Mjomba ana moyo mzuri ila ana maneno. Alifika na ovaroli lake, akasikiliza, akasema, "Rahisi. Mzee akilala, nazibeba zote nazipeleka kwangu. Akiuliza, mwambieni zimeenda sevisi."

Nikamwambia, "Mjomba, bunduki inaenda sevisi kama bodaboda?"

"Nyamaza wewe, mke wa mzee. Bunduki za ukoo hukaa kwa mwanaume."

"Na kibali chako kiko wapi?"

"Na cha gobole kiko wapi? Mkienda polisi mtamfungisha mzee! Mnataka afie ndani?"

Mama akaangalia sakafu. Na mimi niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa Babu kufungwa, niliogopa bunduki kubaki, niliogopa Mjomba kukamatwa nazo njiani. Lakini kubwa zaidi, niliwaza hivi: kesho Babu akiniuliza ziko wapi, nitamdanganya. Kesho kutwa tena. Nitamdanganya mume wangu huyu kila siku mpaka siku ya kumzika.

Nilienda ibada ya mchana, pale karibu na Mnazi Mmoja, na futi kamba yangu ya kupimia vitambaa ikiwa bado shingoni. Nikapiga magoti. Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Nilimwambia Mungu tu, "Baba, Babu yuko hai, na sisi tunagawana vitu vyake kama tuko msibani. Nipe ujasiri nimuulize mwenye mali." Nikainuka nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa jora la mita mia.

Kwanza nikapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikamweleza bila kutaja jina. Alicheka, maana anatujua. Akasema, "Binti, aliyekutwa na silaha na aliyeileta mwenyewe si watu sawa. Mzee aseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Mimi nitawaita polisi, tena waje kistaarabu."

Kwa kinywa chake! Na kinywa cha Babu kilikuwa kimebaki na asubuhi tu, tena nazo zilikuwa zinapungua.

Asubuhi iliyofuata nikamwandalia chai na mihogo ya kuchemsha. Nikamwangalia machoni, nikaona yupo. Nikampigia magoti.

"Babu, ufunguo wako umefichwa. Tumeuficha sisi."

Akaacha kutafuna. "Kwa nini mnanifanya mtoto?"

"Juzi ulininyooshea bunduki, Babu. Ulidhani mimi nguruwe. Ilikuwa na risasi."

Mama alikuwa mlangoni, akaziba mdomo kwa khanga. Babu akaweka kikombe upande, chai ikamwagika mezani, hakuna aliyeifuta.

"Wewe? Bibiana wangu?"

"Mimi."

"Ukafanyaje?"

"Nikakuamkia."

"Nikaitikia?"

"Uliitikia, Babu. Ndiyo maana niko hapa."

Basi akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio cha mzee hakina sauti, mnajua. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanipapasa uso kama anahakikisha nimebaki mzima. Akasema, "Tangu nikiwa kijana sijawahi kupiga nisichokijua. Msasi asiyejua anachokiona, kazi imekwisha. Nileteeni ufunguo. Na hao wenye serikali waiteni leo, kabla jua halijageuka."

Ndugu zangu, Bwana ni mwema! Tuliogopa atakufa kwa aibu, kumbe alikuwa anasubiri mtu amheshimu kwa kumwambia ukweli!

Mwenyekiti alikuja na afande mmoja wa kike, kavaa kiraia, mpole, akamwamkia Babu vizuri. Babu alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akazitoa mwenyewe, moja moja. Kila moja akaonyesha kwamba ni tupu, akaikabidhi kwa mikono miwili. Afande akaandika. Kwenye gobole Babu akasema, "Hili halina karatasi. Lilikuwepo kabla yangu. Nalirudisha kwa hiari yangu, sijalazimishwa na mtu." Afande akasema, "Nimeelewa, Babu. Hapo huna kesi."

Babu akamuuliza, "Mtazifanyia nini?"

"Sitakudanganya. Zinazorudishwa huwa zinaharibiwa."

Babu akaipapasa raifo kwa kidole gumba. "Sawa. Basi hazitamkosea mtu."

Mjomba Festo alikuwa amekaa kwenye ndoo, kanuna. Lilipopita gobole mbele yake hakuweza kuvumilia: "Mzee, hata hilo moja? Nibaki na nini sasa?"

Babu akamgeukia, na nawaambia, siku ile alikuwa yeye kweli kweli: "Festo. Ukitaka bunduki, nenda kaombe kibali chako. Ukimtaka baba yako, nipo hapa. Lini mara ya mwisho umekuja kunywa chai?"

Mjomba alilia na ovaroli lake! Tangu hapo kila Jumapili anakuja na maandazi, anamkata mzee kucha, anamsikiliza habari za nguruwe wale wale.

Utukufu kwa Mungu! Sikupigwa risasi. Mjomba hakukamatwa. Babu hakufungwa. Na mimi usingizi umerudi, na ndoto zangu zimerudi nao, hata bosi ananilalamikia upya.

Wewe unayesoma, pengine chini ya kitanda chenu hakuna bunduki. Lakini pengine yupo mzee mnayemwamulia mambo yake nyuma ya mlango, mkisema mnamhurumia. Nakusihi kwa upendo, mwamini Bwana, piga magoti, halafu kamwambie ukweli ingali asubuhi. Mungu atakutangulia kwenye moyo wa huyo mzee. Mimi ni shahidi.

Siku hizi asubuhi za Babu zimekuwa fupi sana. Jua likigeuka ananiuliza, karibu kila siku:

"Mke wangu, bunduki zangu ziko wapi?"

"Umezirudisha, Babu."

"Nani alizichukua?"

"Hakuna aliyezichukua. Umezirudisha wewe mwenyewe, umevaa koti."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Anaegemea kiti, anatabasamu kama mtu aliyepewa habari njema kwa mara ya kwanza. "Nilifanya vizuri," anasema.

Nami namjibu, na si uongo, ndugu zangu, namshukuru Mungu si uongo: "Ulifanya vizuri sana, mume wangu."